Vilinzi Nilivyovizima

Jumatatu, 28 Novemba 1994

Stika ya alama ya taa, ile ya kuzimia mstari wa programu, imebanduka tena kwenye kibodi. Vumbi la Dodoma na gundi haviivi chungu kimoja. Nimeibandika kwa mate, imekaa mpaka saa nne, ikaanguka. Mdachi aliyetuachia hii programu kaondoka na gundi yake.

Lakini leo nina furaha! Nimemaliza vilinzi vyangu. Jina nimelitunga mwenyewe. Kilinzi ni mstari mmoja tu, unaiambia kompyuta: hapa jambo hili lazima liwe kweli, na kama si kweli, simama, usisogee hata hatua. Nimeweka vitatu. Cha kwanza, orodha mbili zinazozidishwa ziwe na urefu mmoja. Cha pili, pasiwe na namba chini ya sifuri. Cha tatu, josho la kuogeshea ng'ombe lisipewe dawa ya kupe zaidi ya lita ishirini, isipokuwa jipya linalojazwa mara ya kwanza.

Maana lugha hii ya kompyuta, APL, ni tamu ila ina sumu. Haijui josho kwa jina, inajua nafasi tu. Orodha ya maji huku, orodha ya viwango vya dawa kule, la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili, mpaka la arobaini na nane, yote kwa mkupuo mmoja. Ukiruka nafasi moja, yote yanayofuata yanavaa nguo ya jirani. Na karatasi inatoka safi!

Bwana Castory, mkuu wangu wa kitengo, kaja kuchungulia. Kauliza vilinzi vinaongeza nini kwenye ripoti. Nikamwambia haviongezi kitu, vinazuia. Kaguna. Kasomea mifugo yule, kompyuta anaiogopa, na kwa kuwa anaiogopa anaifokea.

Alhamisi, 1 Desemba

Siku ya laana.

Karatasi za kuogeshea, za kila josho na lita zake za dawa, zilitakiwa zitoke leo, mvua imekaribia na kupe wamezidi. Nimeendesha programu asubuhi, imesimama. Kilinzi cha kwanza! Orodha ya maji ina majosho arobaini na nane, ya viwango ina arobaini na saba. Nikajua hapohapo: kuna mtu amefuta josho lililofungwa kwenye orodha moja, kwenye nyingine kaliacha. Nipewe saa mbili tu nilitafute.

Castory kaingia na Elisante, dereva, funguo za lori mkononi. Nini tena? Nikaeleza. Kapiga meza kikombe changu kikaruka, kimepasuka. Kasema mimi natengeneza mashine ya kugoma, lori linaondoka alfajiri, toa huo uchafu wako nataka karatasi SASA. Kaninyooshea kidole mpaka kikagusa paji la uso. Elisante akaangalia dirishani.

Nikavizima. Vyote vitatu. Unaweka alama ya taa mwanzoni mwa mstari, basi, kompyuta inauona lakini haiutendi. Ikagoma tena yenyewe, LENGTH ERROR, yaani urefu haulingani. Nikaingia mstari wa tisa nikairefusha ile orodha fupi kwa nguvu mpaka arobaini na nane. Ukiilazimisha hivyo, APL haiulizi. Inarudi mwanzo, inachukua namba ya kwanza tena, inaziba pengo la mwisho. Kimya kabisa.

Nikaandika pembeni herufi za jina langu: P.K. 1/12/94, kwa amri ya Bw. C. Printa ikalia karibu saa nzima. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 5 Desemba

Saa mbili, zamu ya redio ya kuitana na majosho. Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Halfani, mwogeshaji wa josho namba 31 njia ya Chemba, kaita. Karatasi inasema lita arobaini, yeye kazoea nane, ni kweli arobaini? Ova.

Castory kamwambia kompyuta imeshapiga hesabu, kwani yeye alisomea wapi, afuate karatasi. Kisha kafunga redio, kaniambia hawa waogeshaji tangu dawa ianze kuuzwa madukani wanaipunguza wakauze, ndiyo maana lita arobaini zinamuuma.

Arobaini? Labda josho lilikauka likajazwa upya. Labda. Nitaangalia kesho.

Jumatano, 7 Desemba

Ee Mungu. Ee Mungu wangu.

Jana. Ng'ombe sitini na saba. Josho 31.

Sikuangalia. Siku mbili nilikaa na lile neno arobaini kichwani na sikuangalia!

Alhamisi, 8 Desemba

Elisante kamleta Halfani hospitali kwenye lori, juu ya magunia. Kisha kaja kunisimulia kwenye ngazi za ofisi huku anaosha mikono kwa maji ya jerikeni, na maji yalikuwa yanatoka mekundu.

Anasema Halfani aliwanywesha ng'ombe kwanza, kama inavyotakiwa, wasije wakanywa dawa. Akakoroga. Kundi la kwanza likaingia, likatoka, likasimama kwenye zizi la kukaukia. Halafu wakaanza kutetemeka miguu. Mapovu. Fahali mmoja kaanguka kwenye ngazi za josho, waliokuwa nyuma wakamkanyaga, wakavunjana miguu mle ndani, wakawa wanazama na kulia. Ndama wamekufa wamesimama, wamebanwa na maiti za mama zao. Wafugaji waliingia kwenye dawa mpaka kiunoni kuwavuta, na wao wakatoka wanatapika.

Mtu mmoja kapiga kelele: ameuza dawa yetu katuwekea sumu ya dukani! Fimbo zikaanza. Halfani kainua karatasi juu, anasema nimeandikiwa, nimeandikiwa! Wakampokonya, wakamlisha. Ndivyo Elisante alivyosema, wakamlisha karatasi, wakamshindilia kwa mpini wa fimbo mpaka meno yakaenda nayo. Sikio la kushoto halipo. Walikuwa wanamburuta kumtosa kwenye josho mgambo walipofika.

Kosa langu. Naliandika hapa kwa kuwa mdomoni halijatoka. Paskazia, mstari wa tisa.

Ijumaa, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Watu wanakwenda uwanjani na bendera. Mimi wodini.

Halfani kafungwa pingu kwenye kitanda. Mtu ambaye hawezi hata kugeuka! Uso ni kama unga uliokandwa ukaachwa. Mkewe, Stara, alikuwa anampa uji kwa pamba, tone kwa tone. Hakunijua. Nikasema natoka ofisini. Akasimama, uji ukamwagika, akaanza kunishukuru, jamani. Ati ofisi imemkumbuka mume wake. Kanishika mikono yote miwili. Kasema askari wanataka aseme dawa aliuza wapi, na kule kijijini wameapa siku akitoka hospitali watammalizia. Nyumba yao imeshachomwa. Kasema, dada, ile karatasi kama ofisini ipo nakala, si itamwokoa?

Nikasema nitaitafuta.

Nikatoka nje. Nilitaka kupiga mtu, yeyote, yule anayeuza vibendera getini. Nimepiga ukuta. Vidole viwili vimevimba, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Jumamosi, 10 Desemba

Ofisi nusu siku. Nimefika kabla ya mtu yeyote. Nimeviondolea vilinzi zile taa, nikaendesha orodha zilezile za tarehe moja. Imesimama kwa cha kwanza, kama ilivyosimama siku ile. Safari hii nikatafuta. Dakika ishirini tu! Namba 17, la upande wa Ihumwa, lililopasuka ukuta. Kwenye viwango limefutwa, kwenye maji lipo. Kwa hiyo kuanzia 17 kila josho limepewa kiwango cha jirani yake. Mengi hayatofautiani, kwa hiyo hakuna aliyeona. Lakini 32 ni jipya, linataka dawa kali ya kuanzia, na ukali wake umeangukia 31.

Dakika ishirini. Ningepigana naye siku ile kwa dakika ishirini.

Kisha nikaendesha karatasi mbovu ile nikaacha kilinzi cha tatu peke yake. Nilitaka tu kuona kingelishika 31. Kikalishika. Kikashika na jingine.

Josho 44. Lita thelathini na nane. Maana 45 nalo ni jipya.

44 ni la mzee Bartolomayo, bado hajaogesha. Mvua ilikata barabara, karatasi imemfikia juzi. Anaogesha Jumatatu.

Castory kaingia saa tatu. Nikamwambia yote, nikamwambia tufungue redio, tumtafute, tumtume Elisante. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kaenda kabatini, katoa nakala ya karatasi, kaichana mbele yangu vipande vipande. Kasema nikifungua mdomo wafadhili wanaondoka, na waogeshaji wote arobaini na nane watalala njaa kwa ajili ya mwizi mmoja. Nikasema si mwizi. Kasema na mstari ule ameuandika nani? Herufi za nani zile, P.K.?

Kaenda kwenye kompyuta kuchomoa disketi yenye programu na orodha. Nikaiwahi. Kanizaba kofi, sikio likalia kama kengele ya kanisani. Nikachukua stepla, ile kubwa ya chuma, nikamtwanga nayo mkononi. Nilisikia mfupa! Na nilifurahi, sitaficha, nilifurahi. Kanikamata nywele, kanigonga kwenye kabati, nikamuuma kidole mpaka nikaonja damu. Mabinti wa masijala wakaja wanapiga mayowe, ndiyo akaniachia.

Disketi iko kwenye sidiria. Lakini ufunguo wa chumba cha redio kaondoka nao. Elisante naye kamtuma Singida na lori, papo hapo.

Jumapili, 11 Desemba

Nimekwenda kituo cha polisi Makole. Askari wa zamu kaitazama disketi, kaigeuza, kauliza hii ni kitu gani. Nikaeleza, orodha, nafasi, mstari wa tisa. Kasema dada umepigwa na mumeo? Kaandika shambulio. Kesi ya ng'ombe kasema iko Kondoa, nije Jumatatu mkubwa akiwepo.

Jumatatu! Mzee Bartolomayo anakoroga Jumatatu alfajiri, ng'ombe wanaanza kuogeshwa saa mbili. Hakuna gari la kunifikisha, mto umejaa.

Kesho redio za majosho zinafunguliwa saa mbili. Nimeazima nondo kwa fundi anayejenga jirani. Hakuniuliza ya nini, kaniona uso.

Jumatatu, 12 Desemba

Naandika nyuma ya karatasi ya printa, nimekaa sakafuni chumba cha redio, mgongo nimeuegemeza mlangoni.

Saa mbili kasoro robo nilivunja kufuli. Ilichukua mapigo manne. La tatu lilinichana kiganja. Mlinzi kapiga filimbi, nikamwinulia nondo, karudi nyuma. Nimewasha redio. Betri nzima. Nikaita arobaini na nne, arobaini na nne, mzee Bartolomayo, hata shikamoo sikumpa.

Kaitika! Sauti ya mbali, nyuma yake ng'ombe wengi wanalia. Nikamwambia wasiingie. Karatasi ni mbovu, kiwango kimeruka nafasi, lita ni saba si thelathini na nane. Imwage, funga mlango, wasiingie! Ova.

Kasema ameshakoroga thelathini na nane. Ng'ombe wamesimama mlangoni, wenye ng'ombe ni wakali, wametoka mbali na wamelala njiani. Atawaambia nini? Hawa habari za 31 wanazo. Akisema dawa ni sumu watauliza nani kaiweka. Najiweka mimi mwenyewe kwenye fimbo, mwanangu. Ova.

Nikasikia ngumi mlangoni. Castory. Ananiita majina ambayo hata hapa siyaandiki.

Nikabonyeza. Nikajua stesheni zote zinasikia, saa mbili wote wako hewani, na 31 pia, pale redio iko kwa mtendaji wa kijiji na wafugaji wamejaa ofisini kwake tangu wiki iliyopita. Nikasema mzee, waite waje karibu na redio, wenye ng'ombe wote, waambie wanisikilize mimi. Nikangoja. Nikasikia miguu, watu wanasukumana, mtu anakohoa.

Nikasema: mwogeshaji wenu hajaweka sumu. Halfani wa 31 hajaiba hata tone. Aliuliza kwenye redio hii hii, akaambiwa afuate karatasi. Karatasi nimeitengeneza mimi. Palikuwa na kilinzi cha kuisimamisha, nikakizima kwa mkono wangu. Msimguse mzee Bartolomayo. Ng'ombe wasiingie. Ova.

Castory kaacha kupiga mlango, hata yeye anasikiliza.

Mzee Bartolomayo karudi: wanarudisha ng'ombe nyuma. Wanarudi, mwanangu, wanarudi. Ova. Sauti yake inalia. Nami nikalia hapohapo, nikafuta pua kwa kiganja chenye damu.

Halafu stesheni nyingine ikaingia. Thelathini na moja. Si mtendaji, sauti siijui, Kiswahili kizito cha mtu wa maboma ya wafugaji. Kasema, rudia jina. Ova.

Nikarudia. Paskazia. Nikasema mtendaji aliandike, awapelekee askari wanaomshikilia Halfani.

Wakaongea kwao, kilugha, wengi, kwa muda mrefu. Castory nje ya mlango ananong'ona sasa, ananiomba, Paskazia zima, zima hiyo redio mama, zima.

Sauti imerudi. Inauliza polepole: jengo lenu liko upande gani wa Dodoma, na lina milango mingapi. Ova.

Wananisubiri. Taa nyekundu ya redio inawaka. Nikizima, watarudi kwa Halfani.