Kumlilia Gavril

Jumatano, 24 Mei

Sikukuu yetu sisi walimu. Gwaride, nyimbo, hotuba ya meya – ndefu mno, jua linachoma. Watoto wa darasa la saba wamenijaza maua mikononi hadi sioni mbele. Nikatokwa na machozi. Ya kweli, ya furaha.

Halafu nikapanda basi la saa saba na maua yale yale, nikaenda nayo kijijini Gorna Lipa, makaburini. Maua ya watoto! Nilichomoa waridi moja kwanza ili idadi iwe shufwa, maana kwetu marehemu hapelekewi maua ya witiri, na lile moja nikalitupa dirishani kabla basi halijasimama. Nililitupa kama mwizi anayetupa ushahidi.

Nieleze tangu mwanzo, ingawa ninayemweleza ni mimi mwenyewe. Mshahara wangu wote unaishia kwenye kodi ya chumba cha binti yetu Iva, huko Sofia chuoni. Mume wangu Krasen kiwandani wamempunguzia siku za kazi. Kwa hiyo nimehangaika na vibarua vya ajabu ajabu. Nimeokota konokono msituni baada ya mvua, pamoja na vibibi wenye viuno imara kuliko changu. Nimepanga foleni za pasipoti kwa niaba ya watu walio nje ya nchi. Nimemtembeza mbwa wa daktari wa meno, akanivuta nikaanguka puu mbele ya wanafunzi wangu. Kisha mwezi wa Machi nikaona tangazo mtandaoni: anatafutwa mtu wa kutunza kaburi la baba. Mwenye tangazo ni Zornitsa, yuko Uhispania na mama yake. Napalilia, naosha jiwe, nawasha mishumaa, narekodi video, natuma. Kazi safi, nilijiambia, haina aibu. Lakini Krasen nimemwambia ni tuisheni.

Leo Zornitsa alikuwa ameomba jambo jipya. Kwa kusitasita. Eti: dada Nevena, mama anasema kaburi liko kimya mno, hakuna anayemlilia baba, ungeweza – kidogo tu?

Niliweza. Nikaangaza huku na huku, sikuona mtu. Nikapiga magoti, nikaomboleza kwa sauti, kama walivyoomboleza bibi zetu: Gavril, umetuachia nani, Gavril, nyumba imepoa! Mwanzo sauti ilitoka kama ya redio mbovu. Halafu ikachanganya. Nililia hadi makamasi. Sijui hata nilikuwa namlilia nani. Na mimi ni mwalimu wa fasihi!

Alhamisi, 25 Mei

Zornitsa amejibu. Mama yake ameitazama video tena na tena, kisha akalala usingizi mzuri. Ameongeza malipo bila kuombwa. Nimepokea.

Krasen kanisifu mezani. Wanafunzi wako wanakupenda, mke wangu, hata sikukuu hawakuachii upumzike. Nikainamia supu.

Jumatatu, 29 Mei

Sijui nianzie wapi. Mapumziko marefu, ofisi ya walimu. Kaingia Tinka, karani wetu, ambaye kwao ni Gorna Lipa. Umbea umemjaa mdomoni hadi anahema.

"Wenzangu, mmesikia? Marehemu Gavril wa Velika kumbe alikuwa na hawara!"

"Gavril yupi huyo?" akauliza mwalimu wa hesabu.

"Gavril Gavrilov, si yule mfuga nyuki! Yule ambaye ukimsalimia Jumatatu anaitikia Alhamisi!"

"Huyo? Toka hapa!"

"Haki ya Mungu. Anakuja mwanamke wa mjini, kajifunga kitambaa cha kijani. Anaweka maua, anasugua jiwe, anapiga magoti. Na ile sikukuu yetu kalia! Kalia weee! Velika mwenyewe, mjane wake, kasikia, alikuwa nyuma ya ukuta na ndoo yake ya maji. Akakaa chini pale pale kwenye matope."

"Kumbe mzinga mwingine alikuwa nao mjini," akasema mwalimu wa michezo.

Ofisi nzima wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikacheka kuliko wote! Kitambaa cha kijani kilikuwa shingoni mwangu. Nikakivua polepole, nikajidai nasikia joto, nikakikalia.

Lakini sielewi. Gavril ninayelipiwa mimi ni wa Spaska, na Spaska yuko Uhispania kwa binti yake Zornitsa. Sasa huyu Velika anatokea wapi?

Jumanne, 30 Mei

Nimeelewa. Bora nisingeelewa.

Nilikwenda baada ya vipindi. Zornitsa alikuwa amenielekeza hivi: mstari wa tatu kutoka kwenye bomba, jiwe limeandikwa Gavril Gavrilov. Basi makaburi yale yana mabomba mawili. Moja la juu, moja la chini, nyuma ya kanisa. Na Gavril Gavrilov wako wawili! Babu aliitwa Gavril, na ukoo ukachukua jina hilo hilo. Wanawe wawili, kila mmoja akampa kifungua mimba wake jina la babu. Nani huku asiyejua hilo? Mimi mwenyewe nina jina la bibi yangu, na binamu zangu wawili pia. Ningeuliza tu mwaka wa kuzaliwa. Sikuuliza.

Gavril wa Zornitsa yuko chini, nyuma ya kanisa. Magugu yamemfika kifuani. Picha yake ipo kwenye jiwe, na masharubu yake, ananitazama kama mkaguzi wa shule. Tangu Machi nalipwa kwa ajili yake na hajaona hata njiti ya kiberiti kutoka kwangu. Wenyewe hawakunishtukia kwa sababu walipoondoka palikuwa na msalaba wa mbao tu. Jiwe lilikuja baadaye, fundi alilipwa kwa simu, hawajawahi kuliona, na kwenye video zangu maua yalificha picha na miaka, likabaki jina tu.

Nimepalilia kwa mikono mitupu hadi vidole vikatoka damu. Nikamwomba radhi kwa sauti. Akazidi kunitazama.

Nikirudi nikapita kwa Gavril wa juu, wa Velika. Maua ya watoto yametupwa nje ya ukuta. Chombo cha maua kimeoshwa vizuri, kimepinduliwa juu ya jiwe, mdomo chini. Hapo ndipo nilipoona aibu hasa. Nimemharibia mtu mume wake, na mume mwenyewe hayupo ajitetee.

Ndani ya basi nikamwandikia Zornitsa: kumetokea kosa. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta tena. Mama yake anapata usingizi sasa. Nimwambie usingizi wenyewe ni wa mume wa mtu mwingine?

Alhamisi, 1 Juni

Tinka tena. Leo hana mbwembwe.

Velika kavua nguo nyeusi za msiba. Amesema keshokutwa, Jumamosi ya Marehemu, hapeleki kaburini ngano ya sadaka wala cheri. Huyo wake wa mjini ndiye ampelekee. Mkwe wake kamsihi, wapi. Padri kaenda kumtuliza, kaonyeshwa mlango. Anashinda uani, amekaa anaitazama mizinga, haongei na mtu.

"Zaidi ya miaka arobaini kwenye ndoa," Tinka akasema, "halafu unajua hivi, uzeeni. Mie ningekufa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa michezo akatoka nje kuvuta sigara.

Mdomo wa kumsafisha yule mzee ni mmoja tu, na ni huu wangu. Niseme nini sasa? Kwamba si hawara, ni kibarua. Kwamba mwalimu Nevena wa shairi na insha analia kwa malipo, tena kwenye kaburi lisilo lake! Kabla jua halijazama darasa zima litajua, na wazazi wao, na Krasen. Afadhali niwe hawara.

Nimeandika hivyo kweli? Nimeandika.

Jumamosi, 3 Juni

Naandika nikiwa hapa hapa makaburini, kwenye benchi ya Velika, daftari gotini. Mkono nisipouandikisha kitu nitainuka nikimbie.

Nimefika asubuhi na ngano yangu ya kuchemsha, cheri, mkate. Krasen nimemwambia nakwenda kwa shangazi. Watu tele. Vitambaa vimetandikwa juu ya makaburi, wanawake wanapishana na sahani, huyu anampa yule, yule anampa huyu, kila anayepokea anasema Mungu amsamehe marehemu. Kitambaa cha kijani nimekiacha nyumbani. Nikaenda kwanza chini kwa Gavril wa Zornitsa, nikamwashia mishumaa. Nikatoa simu nirekodi, nikairudisha mkobani. Wataona jiwe si lile.

Nilikuwa nimeazimia kabisa. Nitampata Velika popote alipo, nitamwambia yote kwa pumzi moja, bila kujipamba. Hata maneno nilishayapanga, kama insha.

Nikapanda juu. Na Velika yuko pale! Gauni la bluu la madoadoa meupe, mikono mitupu, amesimama mbele ya jiwe la mumewe. Kwenye makaburi ya jirani shingo zote zimegeuka. Tinka naye yuko, mstari wa nyuma, sahani mkononi. Nikamsogelea.

"Mama Velika, samahani. Nina neno nataka–"

Hakugeuka.

"Ni wewe," akasema. "Hiyo sauti naijua."

"Mama, nisikilize tafadhali, mimi siye–"

"Keti."

Nikaketi. Naye akaketi kando yangu, akavuta gauni lake lifunike magoti. Karibu hivyo ni mdogo sana, ana harufu ya sabuni na nta. Nikafungua mdomo nianze. Akaanza yeye.

"Usiogope, sikupigi. Siku za mwanzo ningekupiga." Akanitazama usoni, bila chuki, kama anayesoma kibao cha dukani. "Mwanangu, unajua nimeishi na nani? Mtu akirudi anakula, analala. Watoto nimezaa, hakuwabeba. Mama yangu kafa, kasema pole, kaenda kwenye nyuki. Nikajiambia basi, ndivyo alivyoumbwa, kitu hicho hanacho, hata ukimkamua. Nikaacha kumdai. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Sasa nakaa pale uani najiuliza. Mwanamke mzima, na akili zake, hawezi kumlilia gogo namna ile. Kwa hiyo alikuwa nacho! Nimekasirika, sikufichi. Nimevunja sahani. Halafu hasira ikaisha, na mimi nikabaki na swali moja tu. Nimekuja kukuuliza hilo tu, halafu nitakuacha."

Nikasema, mama, si hivyo unavyodhani. Nilisema kweli! Lakini sauti haikutoka vizuri, au yeye hakutaka kuisikia. Alinishika kifundo cha mkono.

"Alikuwa anacheka? Ukiwa naye. Gavril alikuwa anacheka?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi nilikuwa nayo tayari, hii hapa: mama, mimi nalipwa, na nimekosea kaburi. Ni maneno machache, mtoto wa darasa la kwanza angeyamudu. Na ningeyasema, mbona, kama angekuwa analia, au ananitukana. Alikuwa ananisubiri. Midomo imeachama kidogo.

Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Basi. Neno hilo moja. Kisha, Mungu wangu, nikaongeza: anacheka sana, mama, hadi anakohoa.

Akapiga paja lake. "Hadi anakohoa!" Akageuka kulitazama jiwe. "Wewe! Wewe mzee, kumbe!" Na akacheka yeye. Machozi yakamtoka huku anacheka, akajifuta kwa kiganja, akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akachota ngano kwa vidole, akala.

"Mungu amsamehe," akasema, kwa sauti, mstari mzima usikie.

Nikaitikia. Ningefanya nini? Aibu ilinipanda hadi masikio yakawaka, na ndani ya ile aibu, siwezi kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe, nilifurahi. Nilimpa kitu akakipenda. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Akainuka kwa kushikilia bega langu. "Usiondoke, bibie. Kuna kitu chake nyumbani. Wanangu wangekitupa tu. Nataka ukae nacho wewe." Nikasema hapana, mama, sistahili, sistahili kabisa! Akanipiga kofi dogo la shavu, la upole. "Sitaki kusikia. Nimekwisha amua." Akaenda zake kwa haraka, gauni linapepea.

Nimebaki hapa. Wanawake wananipitia mbali. Mmoja amenitemea mate pembeni, ni haki yake. Tinka amesimama pale pale, sahani imeinama mkononi, cheri zinamwagika moja moja kwenye majani. Amenitambua, bila shaka. Hajanisogelea.

Simu imelia mara mbili mkobani. Zornitsa. Anataka video, leo wanawasha mishumaa na mama yake huko.

Basi limepiga honi barabarani. Nikienda sasa naliwahi, geti la nyuma liko wazi. Nimesimama. Nimeketi tena.

Velika anaingia. Amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo, kirefu, anakibeba kwa mikono miwili, hatazami anapokanyaga. Kila anayekutana naye anamsalimia kwa jina, anasimama, ananionyesha kwa kidevu, anaendelea. Anatabasamu.

Nimeondoa mkoba kwenye benchi ili apate pa kukaa.