Pole ya Mheshimiwa

Mbalizi,
Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Ezekia,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini u mzima huko Iringa pamoja na wifi Gloria. Sisi hatujambo, ila mguu wa Mama unamsumbua baridi ikizidi. Barua hii nimempa Joyness, anapita huko akienda Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu. Usishangae kwamba sikupiga simu.

Mtaa mzima unajua unakuja kuchukua fomu ya ubunge ushindane na Mheshimiwa Fanueli. Wengine wanafurahi. Mimi naogopa, na nisipokwambia mimi, nani atakwambia? Nilikuwa karani wake alipokuwa hakimu. Kule tulimwita Mheshimiwa, akaingia bungeni akaitwa Mheshimiwa, na sasa ni naibu waziri. Kiti kimebadilika, mtu ni yule yule.

Watu humsifu kwa upole, na kweli hata mahakamani hakupandisha sauti. Ila sisi makarani tulijua jambo moja. Kabla ya kumfunga mtu alivua miwani, akamtazama, akamwambia pole. Wa kuachiwa hakuambiwa kitu. Mzee Budeba, yule mfugaji wa Usangu, aliposikia pole alishukuru, akidhani anarudi kwa ng'ombe wake. Alifia gerezani.

Mwaka jana diwani Jofrey alimpinga mbele ya watu kwenye mkutano wa barabara. Mheshimiwa akavua miwani, akamwambia pole na kazi, na watu wakapiga makofi. Wiki haikuisha, Jofrey akatoweka. Mkewe ameulizia mpaka amechoka. Dalili ya mvua ni mawingu, kaka, na haya mimi nimeyaona mara nyingi.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jana alikuja hapa nyumbani, yeye na dereva wake tu, akiwa na sukari na kitenge cha Mama. Alikaa kwenye kiti chako. Akauliza taratibu unakuja lini na utapitia wapi. Mama, unavyomjua akianza kukusifia, akamweleza yote, hata kwamba Ijumaa utalala Nyololo kwa baba mkwe wako. Namba yako ya simu akampa pia. Nilikuwa mlangoni na birika la chai, nikayasikia yote.

Alipoaga alivua miwani, akamshika Mama mkono, akamwambia pole sana. Mama alidhani ni pole ya mguu, akamjibu ndaga fijo, asante sana, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Hapa kwetu hakuna msiba, Ezekia. Nakusihi usipite Nyololo, na simu hiyo uizime. Fomu achukue mwingine.

Msalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu sana. Kile kitenge amekwisha kukipeleka kwa fundi, anasema atakivaa siku utakayofika.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe