Kadi ya Baba Zuhura

Jumanne. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamejaa na mvua hainyeshi. Nimefunga duka mapema. Nimekaa na nguo za kazini, sina hamu hata ya chai.

Leo nimempotezea mtu sauti ya marehemu mkewe.

Kompyuta ya dukani kwangu hapa Chuno ni kuukuu, na mwezi uliopita diski yake ilikufa. Fundi Hamisi akanipa flashi yenye mfumo mwepesi, ulionyofolewa kila kisicho cha lazima. Unaichomeka, unawasha, kompyuta inafufuka, tena mbio kuliko zamani. Aliniambia kwamba mfumo ule haukumbuki kitu: ukizima, kila ulichoweka kinakwenda. Nikaitikia haya, haya, huku wateja wa fotokopi wananisubiri. Kwa kuwa nilikuwa naprinti tu, sikuona tofauti, na nikasahau.

Asubuhi akaja Baba Zuhura kutoka Mahurunga. Kadi ya kumbukumbu ya simu yake imeingia virusi, mafaili hayafunguki. Ndani mna picha, na sauti ya mkewe akimwimbia Zuhura alale, kwa Kimakonde. Mama amefariki. Mtoto ni mdogo bado, na kila usiku anawekewa ile sauti ndipo anasinzia.

Kazi hii sisi wenye steshenari tunaifanya macho yamefumbwa: unahamishia vitu vya mteja kwenye kompyuta, unafomati kadi ifutike yote, unamrudishia vitu vyake. Nikahamishia, nikasafisha virusi, nikajaribu ile sauti, ikalia. Nikafomati. Halafu nikajifanya mwema. Kaswida zilikuwa tayari kwenye flashi yangu nyingine, nikaona nimtilie hizo kwanza, za zawadi. Zikaijaza kadi karibu yote.

Umeme ukakatika.

Uliporudi, kompyuta iliwaka upesi kama kawaida yake, na kioo kikawa cheupe, hakuna faili hata moja. Nilitafuta kila folda. Fundi Hamisi alikuja akahangaika na kadi, akaambulia vipande vya picha: nusu ya kitenge, bega, sikio lenye hereni. Sauti hakuna, akasema, kaswida zimekaa juu yake.

Nilitaka kumkasirikia yeye, lakini alishanionya. Ni mimi niliyekuwa nausifia ule wepesi kwa kila anayeingia dukani, bila kujiuliza ni nini kilichotolewa ndani yake.

Baba Zuhura alirudi alasiri na mfuko wa mihogo wa kunishukuru. Nilimweleza yote bila kuficha. Nilitamani anitukane. Aliketi kwenye benchi la wateja, kadi kiganjani.

"Dada," akasema, "usiku huu nikamwambie nini mtoto?"

Aliniachia mihogo yake akaondoka.

Kesho sifungui duka. Nitakwenda Mahurunga, ingawa sijui nitasema nini nikifika. Pengine yupo shangazi anayeujua ule wimbo, lakini sauti haitakuwa ile.

Mimi ndiye mtu wa mwisho kumsikia mama yule. Nilisikiliza kidogo tu, kuhakikisha kwamba inalia, nikaizima kabla hajamaliza kuimba.