Udongo wa Ubavuni

Makambako, 2 Oktoba 1953

Mpendwa Mjomba Enoki,

Shikamoo. Natumaini nyumbani hamjambo na mguu wako umepata nafuu. Mimi mzima.

Nimepewa unyapara wa barabara, ila nimeanza vibaya. Kwenye kijito cha Mahongole tuliweka kalvati la bati la mikunjo, bomba pana ambalo mtu hupita ndani ameinama. Tukalifukia. Lori la kwanza la kokoto lilipopita, bomba likabonyea juu, mbavu zikatanuka. Bwana wa barabara anasema bati lilikuja bovu. Msaidizi wake anasema, “Nyapara ndiye mbovu.”

Limebaki bomba moja na majuma matatu. Nikishindwa nafukuzwa, na masika watu wa Mahongole hawatakuwa na njia ya kwenda hospitali. Wewe ulifanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Dionis

Njombe, 8 Oktoba 1953

Mpwa wangu Dionis,

Marahaba, kamwene. Mguu unauma asubuhi tu, baridi ya huku unaijua.

Bati si bovu. Bati ni jembamba, peke yake halibebi lori. Likikandamizwa juu, mbavu hutaka kutoka nje, na kinachozizuia ni udongo wa ubavuni. Ukiwa mgumu, bomba hubaki duara. Wenu ulikuwa umemwagwa tu.

Fukua wote. Usirudishe tope, nyasi wala mawe. Jaza nusu futi, shindilia, kisha nusu futi nyingine, kushoto na kulia sawasawa. Udongo uwe na unyevu kidogo: ukiufumbata ushikane, usidondoshe maji. Chini ya tumbo la bomba, gogo lisikofika, shindilieni kwa vijiti vyembamba. Lori lisipite mpaka juu pawe na futi mbili zilizoshindiliwa.

Nami niliachishwa kazi kwa sababu ya udongo huohuo. Nilijaza upande mmoja kwanza, bomba likasogea, barabara ikakatika. Hata mama yako sikumwambia.

Mjomba wako,
Enoki

Makambako, 22 Oktoba 1953

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi salama, mikono tu ndiyo imechubuka.

Tumemaliza. Watu walinung'unika, “Tunatwanga barabara kama mahindi?” Nikashika gogo nikatwanga nao. Siku ya tatu niliogopa, maana bomba lilipanda juu kama upana wa vidole viwili. Kisha nikafahamu kwamba ni mbavu zinabanwa. Tulipojaza juu, likarudi. Jana lori lilipita mara sita, na kijiti changu cha kupimia ndani hakijaonyesha tofauti.

Asante sana, Mjomba. Asante pia kwa kuniambia lile jingine. Halitoki kwangu.

Mpwa wako,
Dionis

Njombe, 15 Aprili 1954

Mpwa wangu Dionis,

Kamwene. Hatujambo sote. Unisamehe ukimya wa masika yote.

Mwezi wa tatu binti yangu Idda, aliyeolewa Mahongole, alishikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Wakampakia kwenye lori, mvua inanyesha. Amejifungua hospitali, wote wazima. Nilimwuliza dereva, “Kijitoni mlipitaje?” Akasema, “Kijito kipi, mzee?”

Juzi nilimsindikiza Idda kwake. Nikaomba lori lisimame, nikaingia ndani ya bomba lako na fimbo yangu. Nikapima. Ni duara.

Wewe unanishukuru, lakini tangu niachishwe kazi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza neno lolote la barabara. Wewe uliniuliza. Asante, mwanangu.

Jumapili mimi mwenyewe nitamweleza mama yako lile la kuachishwa kazi.

Mjomba wako,
Enoki