Daftari la Vipimo

4 Februari

Mama,
Shikamoo. Mimi na watoto hatujambo. Goti lako je? Jana nilichukua stendi gunia la tatu ulilonitumia ndani ya mwezi mmoja. Sufuria zisizo na vifuniko, mapazia, viatu vya marehemu baba. Mama, nakaa vyumba viwili, nitaviweka wapi? Hebu pumzika, acha nyumba ikae ilivyo.
Mwanao, Kijiti

11 Februari

Kijiti,
Marahaba. Goti linauma ila halijanizuia. Stoo nimemaliza, sasa niko kwenye chumba cha kushonea. Sitaki nikiondoka mbaki mkihangaika na takataka zangu. Usichotaka, tupa. Mimi karatasi zote nimeshachoma.
Mama yako

15 Februari

Mama,
Shikamoo. Karatasi zipi? Usiniambie umechoma daftari la vipimo. Kila mwaka ulinisimamisha mlangoni kabla ya kunishonea sare ya shule, ukanipima, ukaandika. Katika nyumba nzima hilo tu ndilo nililolitaka. Viatu umenitumia, daftari umechoma. Nani alikutuma unipunguzie kazi? Nimekasirika, mama, wala sifichi.
Kijiti

22 Februari

Kijiti,
Marahaba, ingawa umenisalimia umenuna. Ulinituma wewe. Bibi yako alipofariki tulitoa magunia wiki nzima. Siku ya mwisho ulikaa kizingitini, vumbi mpaka kwenye kope, ukasema, "Mama, tafadhali, wewe usije ukanifanyia hivi." Nimefanya ulivyosema, na bado nina makosa.
Mama yako

20 Machi

Kijiti,
Hujambo? Watoto hawajambo? Karibu mwezi sasa hujanijibu. Na mimi nimekasirika, maana hukuwahi kusema unalitaka lile daftari, ningejuaje? Lakini kaa chini usome.

Miaka saba: kifua inchi ishirini na tatu, kiuno ishirini na moja. Miaka kumi na mbili: kifua ishirini na nane, na mikono mirefu kuliko ya kaka yako. Gauni la harusi: kiuno ishirini na sita, nikapunguza nusu inchi usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa sababu wasiwasi ulikunyima chakula. Daftari nililiweka kwa ajili ya wateja. Vipimo vyako sikuwahi kuvitafuta humo.

Vya mwaka huu ndivyo sina. Cherehani nimegawa, kiti kimebaki kimoja, utakalia wewe. Futi ya kupimia sijaitoa, bado iko msumarini nyuma ya mlango. Njoo nikupime.
Mama