Mkorosho Wako wa Mbagala, Alfonsi

Mwaka umetimia, Alfonsi, tangu lori lile likuchukue mbele ya macho yetu, pale kwenye mteremko wa barabara ya Kilwa, Mbagala. Wengine wakiandika kumbukumbu husema marehemu wao aliondoka kimya kimya. Wewe hukuondoka kimya. Uliondoka ukipiga kelele, "Ondokeni! Ondokeni!", na waliokusikia wako hai mpaka leo, wanakula ugali wao na kubishana kama kawaida. Kwa hiyo na sisi hatukuandikii kwa unyonge. Tuna habari ya kukupa, nayo ni ya mti wako.

Tunasema mti wako kwa mazoea tu. Mkorosho ule uliukuta pale pale ulipofika Dar es Salaam mwaka wa Uhuru, umetoka Newala na tezo na patasi zimefungwa kwenye shuka. Hukujua mtu. Ulikaa chini yake ukachonga, maana mpingo hautaki jua. Ukiuchonga juani unapasuka, na kazi ya wiki nzima inageuka kuni. Akaja Polikarpo, akaja mwingine na mwingine, na baada ya Azimio la Arusha ukaanza maneno yako. "Kwa nini kila mtu anajificha kwa dalali wake? Tuchonge pamoja, tuuze pamoja." Walikucheka, wakakupachika jina la Bwana Ushirika. Uliwashinda kwa ubishi. Na ubishi wako, jamani! Ulikuwa unaweza kubishana hata na redio.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukigonga gogo kwa kidole na kulitegea sikio kabla hujaligusa kwa tezo. Tunakumbuka ulivyomfukuza kila aliyepiga mluzi karibu na kazi yako, huku wewe mwenyewe ukiimba vibaya kuliko wote. Msimu wa korosho ulimletea mama yako mabibo ndani ya kofia, na kofia ikanuka mwezi mzima. Mwenzako akiishiwa unga, ulimvuta pembeni ukamwambia mkeo amepika kingi kwa bahati mbaya. Rosalia alikuwa anajua. Hajawahi kupika kingi kwa bahati mbaya maisha yake yote.

Siku ile lori lilikuwa linatoka kusini na magogo ya mpingo, mzigo wenu wenyewe mliokuwa mkiungoja. Breki zikakataa kwenye mteremko. Wewe ulikuwa umekaa upande wa barabara, ndiye uliyeliona. Ulisimama ukawapigia wenzako kelele, wakakimbilia nyuma ya shina, na wewe ukabaki wa mwisho. Lori lilikupiga, likaupiga na mkorosho, likaupasua shina kutoka kwenye panda mpaka karibu na mizizi. Hapo likasimama. Nyuma ya mti watu walikuwa wamekumbatiana, hakuna aliyechubuka hata ukucha.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa wakati wanaume walipokuja na mashoka. Mkeo alikuwa ndani amelala kwenye mkeka, hali, hasemi. Akasikia shoka linagonga mara ya kwanza. Sisi tulioketi naye tulimwona ameinuka, kitambaa cha msiba kichwani, akatoka bila viatu mpaka barabarani.

"Polikarpo, mnafanya nini?"

"Shemeji, rudi ndani," Polikarpo akasema, na machozi yanamtoka. "Mti huu umemla ndugu yetu. Hatuwezi kuutazama."

"Mti haujamla mtu. Lori ndilo lililomla mume wangu. Mti ndio uliowabakiza nyie, mnataka kuulipa kwa shoka?"

"Umepasuka, shemeji. Utakufa tu."

"Basi ufe wenyewe. Nyie msiuue."

Akakaa chini, mgongo kwenye shina, akanyoosha miguu. Nani angeinua shoka juu ya kichwa cha mjane? Walitazamana, wakarudi mmoja mmoja.

Usidhani ni uchungu tu uliokuwa unamsemesha. Mkeo alishapiga hesabu zake. Mahali pale ni ukingo wa barabara, na mjumbe wetu wa nyumba kumi alishasema tangu mwanzo: kukaa chini ya mti ruksa, kujenga hata kibanda cha makuti marufuku. Mkorosho ukiondoka, ushirika hauna pa kukaa. Ukikosa pa kukaa, kila mtu atarudi barazani kwake na kwa dalali wake. Na siku mwanao Albano akikua akauliza baba yake alikuwa akiwapigia kelele watu gani, mama yake amwonyeshe nini? Kisiki?

Sasa cheka kidogo, maana hapa ungecheka. Wenzako waliona aibu, wakaamua kuutibu mti. Na wachongaji wanajua dawa moja tu ya ufa. Wakayeyusha nta ya nyuki, wakaichanganya na vumbi la mpingo, wakaujaza ule ufa wote, wakausawazisha, wakaupiga msasa mpaka ukang'aa. Wakaufunga na kamba. Polikarpo akarudi nyuma hatua chache, akautazama kama kinyago cha maonyesho. "Umependeza!" akasema. Na kweli ulipendeza. Sote tuliusifu, Rosalia naye akausifu.

Kumbe mti mbichi si kinyago. Mvua za vuli zikaingia kwa juu zikakosa pa kutokea. Kufika mwezi wa pili majani yalikuwa yanadondoka, nta imevimba, na kwenye shina kuna harufu ya kitu kilichochacha. Jua la mwezi ule unalijua wewe. Kivuli kikabaki madoa madoa. Vinyago vikaanza kupasuka mikononi mwa watu. Mzee mmoja alipasukiwa na kazi aliyoianza kabla ya Krismasi, akaiweka chini, akaifunika kwa shati lake, akaenda zake nyumbani.

Hapo ndipo alipokuja Zoeb, yule mfanyabiashara wa mjini anayenunua vinyago vyenu. Tumtendee haki: hakuja kwa ubaya. Alikuja na sukari ya msiba, akampa pole mama yako, akakaa na watoto. Halafu akawaambia wachongaji, "Nyuma ya duka langu pana baraza refu, limeezekwa bati. Njooni mchonge pale. Atakayemaliza nitanunua kwake mwenyewe, palepale."

"Na ushirika?" Rosalia akauliza.

"Mama Yustina, ushirika ni mzuri. Lakini watu wako wanachonga juani."

Wanaume waliinamisha vichwa. Polikarpo akamfuata mkeo baadaye jikoni, akasimama mlangoni anazungusha kofia yake. "Shemeji, mie nimejitahidi. Mwisho wa wiki tutakwenda. Usinichukie."

"Sikuchukii," akasema. "Keshokutwa uje na msumeno ule mrefu, wa watu wawili."

Polikarpo akadhani amekubali mti ukatwe. Akashusha pumzi, maskini.

Asubuhi ile Rosalia alifika na tezo yako, Alfonsi. Tulishtuka. Tangu uondoke hakuna aliyeigusa. Akapiga magoti, akaanza kuikomba ile nta, vipande vipande. Maji meusi yakatoka, yakamwagikia miguuni. Aliendelea kukomba mpaka akafika kwenye mti mweupe, mzima. Halafu akasimama, akaonyesha juu.

"Upande uliovunjika wote utoke. Na upande huu wa pili, matawi yote makubwa yatoke. Tubakize shina na mikono hii miwili tu."

Loo! Kelele zilizopigwa pale ungezisikia huko uliko. "Hicho ndicho kivuli kilichobaki!" "Mwanamke huyu kachanganyikiwa kwa msiba!" Polikarpo akasema, "Shemeji, siku za msiba ulikaa hapa mti usikatwe. Leo unaumaliza mwenyewe?"

"Kwetu Newala mama yangu alikuwa anapogolea mikorosho iliyozeeka," akasema. "Anakata mpaka unaona ameua shamba. Mvua ikinyesha, inachipua. Si yote. Mingine ilikufa."

"Na huu ukifa?"

Rosalia akaweka kiganja kwenye gome. "Huu ukifa, kisiki nitaking'oa kwa mkono wangu, na mie mwenyewe nitawapeleka kwa Zoeb, nitawabebea na magogo. Lakini mnipe masika hii. Alfonsi aliwapa zaidi."

Hilo la mwisho lilikuwa kali, na alijua. Polikarpo akaokota upande mmoja wa msumeno, mkeo akashika wa pili. Walikata mpaka adhuhuri, anavuta huyu, anavuta yule, utomvu wa mkorosho unawababua mikono. Walipomaliza, palikuwa na gogo limesimama na mikono miwili mitupu, na jua limetanda mahali pote mlipokuwa mkikaa. Rosalia akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka akatapika. Jioni akapika kama kawaida.

Kesho yake ndipo wakaja na akili nyingine, wanawake. Kibanda marufuku, sawa. Nguo je? Kila asubuhi wake wa wachongaji walileta kanga na vitenge, wakafunga kamba kutoka kwenye ile mikono miwili mpaka kwenye vijiti walivyovishika kwa zamu, wakatandaza nguo juu na kuzilowesha maji ili ubaridi uushike mpingo. Jioni wakazianua, zikalala kwa Rosalia. Mjumbe alipita, akazunguka, akatafuta kosa, akakosa. "Mmeanika nguo?" akauliza. "Tumeanika, ndugu mjumbe," wakamjibu. Akaenda zake anacheka. Zoeb naye alikuja, akasimama kwenye gari lake akastaajabu. "Mmefungua duka la kanga bila kunishirikisha?" Hakulitaja tena baraza lake.

Ushirika ulikaa chini ya nguo zile masika nzima. Walilowa, walikohoa, walinung'unika sana, tusikudanganye. Wawili walikwenda mjini. Mmoja akarudi, akasema kule hakuna wa kubishana naye.

Mvua zikaisha, mti uko vile vile. Kila alfajiri Rosalia alikwenda na ndoo, akamwagilia, akapapasa gome kwa kiganja, akarudi. Hatukumuuliza. Watu wakaanza kumkwepa wasimwangalie usoni. Polikarpo akaleta jembe, akaliegemeza ukutani kwetu bila kusema ni la nini. Mkeo akaliona. Akalichukua, akapalilia nalo mashina ya mihogo, akamrudishia.

Asubuhi moja ya kipupwe binti yako Yustina alitangulia na ndoo. Tulimsikia anaita, "Mama! Mama, njoo, mti una vidonda vyekundu!" Rosalia akatoka mbio, tukatoka sote, mama yako na fimbo yake. Havikuwa vidonda. Majani mapya ya mkorosho, unayajua, hutoka na wekundu kabla ya kuwa kijani. Yalikuwa yamechomoza kwenye mkono mmoja, na chini kidogo, ubavuni mwa ufa wenyewe. Polikarpo alipofika alikaa chini barabarani, mtu mzima, akajifunika uso kwa mikono.

Leo, Alfonsi, kivuli kipo. Si kile cha zamani. Kinawatosha wenzako wakibanana, na jua likigeuka wanageuka nalo, na magogo yao na maneno yao. Ule ufa haujaziba na Rosalia amekataza mtu kuuziba. Magome yanakuja taratibu kutoka pande zote mbili. Ushirika umepata zabuni ya vinyago vya maonyesho ya Sabasaba ijayo, na Polikarpo, mwenyekiti, anajifanya wazo la ushirika lilikuwa lake tangu mwanzo. Tumemwachia.

Jumamosi iliyopita waliamua nguo hazihitajiki tena. Wanawake wakaja kuchukua kanga zao. Zilikuwa zimepauka kwa jua na mvua hata maandishi hayasomeki, ikawa vicheko, hii yangu, hii ya nani, nipe hiyo. Ikabaki moja, iliyokuwa imefungwa upande wa barabara, pale ulipokuwa ukikaa wewe. Hakuna aliyeidai. Rosalia akaifungua fundo kwa meno, akaikunjua, na mama yako akaweka mkono mdomoni. Ni ile Rosalia aliyokufunika nayo siku ile ya lori. Aliifua, akaitundika pamoja na nyingine tangu siku ya kwanza, na wenzako wamechonga chini yake miezi yote hiyo bila kujua.

"Baba Yustina hakupenda kukaa bure," mkeo akasema. Akaifunga kiunoni, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ya mti.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii asubuhi, parokiani kwetu Mbagala. Baada ya misa sote tutakwenda kwa miguu mpaka kwenye mkorosho, tutakula hapo hapo. Atakayesoma na aje; Rosalia amesema safari hii anapika kingi kwa makusudi.

Unakumbukwa na mama yako mzazi Demetria, mkeo Rosalia, wanao Yustina na Albano, dada yako Genoveva, shemeji zako, wajomba na ndugu wote wa Newala na Mbagala, na wenzako wa ushirika wa wachongaji, wale uliowapigia kelele.

Pumzika, Alfonsi Chilumba. Hatujakusahau, na maadamu tupo hatutakusahau.