Kasi ya Jumapili

Jumapili, 2 Machi 2025

Tumelala Isinya kwa nyumba yetu mpya, tupime intaneti kabla ya kuhama. Ruta ya laini ya simu, saa nne asubuhi — megabiti mia moja na kumi! Faiba ya Kitengela, tunakopanga, hutupa thelathini tu. Mume wangu Gakuru alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la simiti. Kesho tunamwambia landilodi tunatoka.

Jumatano, 12 Machi

Tumehama. Nyumba tamu, hewa ya bure. Lakini saa moja jioni, katikati ya darasa langu la Kiswahili na wanafunzi wa ng'ambo, ruta imeshuka hadi nne. Nimeganda kwenye skrini, mdomo wazi. Msimamizi ameandika: ikirudia, madarasa yanapewa mwalimu mwingine. Nimeogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Nailantei, jirani yetu, amenicheka.

"Mlipima Jumapili saa nne? Woi! Watu wote si walikuwa kanisani, simu zimezimwa!"

Sisi wajanja wa mjini! Jioni Isinya nzima inang'ang'ania mlingoti huo mmoja wa simu.

Jumatatu, 17 Machi

Faiba imeishia barabarani, karibu na shamba la maua. Kampuni haivuti kwa ajili ya nyumba moja. Intaneti ya antena — gorofa mpya imeuziba mlingoti wake. Imebaki dishi ya setilaiti. Nailantei ako nayo: tisini, hata jioni. Lakini mvua ikiwa kubwa inapotea kidogo, asema. Kidogo gani? Hajui. Atatuazima kesho tujaribu.

Jumanne, 18 Machi

Landilodi amepiga: nyumba ya Kitengela bado iko wazi, anataka jibu leo. Gakuru anasema nirudi mimi peke yangu, yeye abaki na watoto na kuku, tuonane wikendi. Amesema bila kuniangalia, kisha akaanza kufunga vikombe vyangu kwa magazeti. Sitaki! Nyumba hii tumeijenga tangu kitinda mimba wetu akiwa tumboni.

Saa moja na nusu. Wanafunzi wanaandika insha, nami naandika hapa. Dishi ya Nailantei iko juu ya paa; ikistahimili mvua, nabaki. Mvua imeanza. Picha imekwama mara moja, ikarudi. Simu inatetemeka mezani: landilodi tena. Gakuru amesimama mlangoni na kikombe mkononi, hajui akifunge au akitie chai. Mabati yanapiga kelele sasa. Mwanafunzi mmoja anauliza kama namsikia —